Sekunde Arobaini na Moja

Jumatano, 6 Januari

Baridi 31 chini ya sifuri. Upepo wa kaskazini. Mke wangu Olena alikuwa anaanza na hali ya hewa, nami naanza hivyohivyo. Daftari ni lake. Kafa kaacha kurasa nyingi nyeupe, na kutupa siwezi. Mwandiko wake ulikuwa wa mwalimu, wangu kama kuku aliyekanyaga wino. Haidhuru. Hakuna wa kusoma.

Leo mkahawani kwa Verna moto! Elmer, jirani yangu, kaja na gazeti, kalisoma kwa sauti, kaliweka ubavuni mwa uso kama anasikiliza siri. Kuanzia Jumamosi hii mechi ya hoki haionyeshwi tena kwenye stesheni ya bure. Imehamia intaneti. Ulipe kila mwezi, uwe na nywila, uwe na sijui nini. Mechi ya Jumamosi! Mimi nimeitazama tangu televisheni ya kwanza ilipofika kijiji hiki, kwa padri, tumejaa sakafuni watu thelathini.

Alphonse Gaudet, yule wa mashamba ya dengu, shabiki wa Montreal hata akiugua, akasema hoki ilishakufa, wazee, tunazika tu. Wajukuu zake wanatazama mpira wa kikapu, na wenyewe vipande vya nusu dakika kwenye simu. Elmer akasema haijafa, imehama tu.

Nikasimama. Nikawaambia haijafa wala haijahama — imefichwa! Ukimfungia jogoo kabatini usije ukasema hawiki.

Wakacheka. Lakini walinyamaza kwanza. Nikisema mimi watu hunyamaza kwanza.

Nikatoa kikombe changu msumarini (pale kwa Verna kila mtu ana kikombe chake na msumari wake, changu ni cha kwanza kutoka mlangoni, miaka ishirini na sita). Nikakigonga mezani. Nikasema: hapa hakuna atakayelipa. Tutasikiliza redio kama baba zetu. Wakiona hatulipi wataona haya, wataturudishia mechi yetu. Atakayelipa, kikombe chake atanywea paka.

Alphonse akagonga. Verna naye akagonga, akilalamika kwamba vikombe vyenyewe vina nyufa. Elmer akagonga wa mwisho, polepole. Baridi yabisi ile ya vidole.

Nyumbani nikafikiri: hata ningetaka kulipa, zile herufi ndogo za kwenye simu zinanishinda. Darlene binti yangu alitaka kunifungia hiyo intaneti tangu majira ya vuli, nikamfukuza. Hilo mezani sisemi.

Jumamosi, 9 Januari

Baridi 27. Theluji kidogo asubuhi.

Saa kumi na mbili jioni nilifungua televisheni makusudi, nione kama watathubutu. Wamethubutu. Mwanamke anapaka keki sukari.

Nikazima. Nikachukua redio yangu, ile ya chumba cha mashine, imefungwa utepe mweusi ubavuni. Redio hii ilikaa nami miaka thelathini na moja nikitengeneza barafu ya uwanja wetu. Barafu yangu! Wachezaji wa Yorkton walikuwa wakishuka kwenye basi wanauliza: mzee wa barafu yupo? Nikiwepo walijua watateleza kama kwenye kioo.

Winnipeg 4, Toronto 1. Nimepiga yowe kwa kila bao. Hakuna matangazo ya kamari kila baada ya filimbi, hakuna mabango yanayobadilika rangi ukutani mpaka macho yanauma. Mtangazaji anasema, wewe unaona. Redio ni bora. Nitawaambia.

Jumanne, 12 Januari

Baridi 22. Nafuu.

Nimewaambia. Wote wakakubali, redio safi sana. Elmer alikubali kuliko wote, mpaka akamwaga maziwa.

Halafu mjadala tena. Gazeti linasema watazamaji wamepungua. Alphonse akasema lazima wapungue, wamepeleka timu jangwani kwa watu ambao barafu wanaijua kwenye glasi tu. Elmer akasema hapana, tatizo ni watangazaji, wanaongea juu ya mikataba kuliko mchezo. Verna akapita na birika, akasema tatizo ni sisi, tunadhani hoki ni ya wanaume wazee, mbona ligi ya wanawake inajaza viwanja? Nikamwambia Verna, mwanangu, hao wanawake wanapeana pasi vizuri, nakubali. Akasema, jamani, Metro kakubali jambo, andikeni tarehe! Kenge yule. Nimeiandika mimi.

Nikawaambia ushindi u karibu. Kampuni itahisi. Watu wanne wasiolipa kijiji hiki ni wengi.

Jumamosi, 23 Januari

Baridi 35! Milango imeganda. Nimekwenda mpaka sanduku la barua na kurudi bila kofia, Elmer alikuwa dirishani, namjua, hakuthubutu.

Redio. Kipindi cha kwanza Winnipeg kafunga, namba kumi na saba, chini ya mguu wa kipa. Nikapiga yowe. Halafu kitu cha ajabu. Kwa Elmer (yeye mlango namba tano, mimi namba nne, hapa nyumba za wazee ukuta wetu ni mmoja na mwembamba) nikasikia kiti kinakwaruza sakafu. Kimya. Kimya tena. Halafu Elmer: bao!

Nilikuwa nimeshakunywa nusu kikombe cha chai.

La pili, vivyo hivyo. Yowe langu, kiti, kimya, halafu Elmer.

Nilicheka peke yangu. Elmer tangu zamani mzito. Mwaka 66 tulicheza timu moja, mimi katikati, yeye winga ya kushoto. Pasi yangu ilimfikia Jumatatu, akapiga Jumatano. Lakini redio yake nayo itakuwa mbovu. Ile aliyonunua kwenye mnada wa kanisa. Betri zimekufa, sauti inatambaa.

Jumapili, 24 Januari

Baridi 33.

Nimefanya jambo la kiungwana. Redio ya Olena, ile ya kahawia ya jikoni, nimempelekea Elmer. Nzuri kuliko yangu. Olena alisikilizia ibada na bei ya ngano, na mtu mwingine hakuruhusiwa kugusa kitufe. Nikaipangusa. Nikamwambia Elmer: shika, usichelewe mabao, unatia aibu, winga wangu wewe.

Akaishika kama mtoto mchanga. Akasema Metro, hii siwezi. Nikasema unaweza. Akasema Metro, ngoja, kuna jambo. Nikasema hakuna jambo, shukrani baki nazo! Nikaondoka. Sipendi kushukuriwa. Watu wananishukuru mno.

Jikoni rafuni pana duara safi pale ilipokuwa.

Jumamosi, 6 Februari

Baridi 19. Mawingu.

Bado anachelewa.

Na redio ya Olena! Nikachukua saa yangu ya uwanjani, ile ya kuhesabia adhabu za dakika mbili. Bao la kwanza: kutoka yowe langu mpaka yowe lake, sekunde 41. Bao la pili: 41. La tatu, la wapinzani, sikupiga yowe, nikabonyeza saa tu. Sekunde 41, ukutani wakaguna.

Nimeandika wakaguna. Ndiyo. Si koo moja.

Betri haichelewi sawasawa mara tatu. Mimi ni mtu wa mashine.

Jumatatu, 8 Februari

Baridi 24. Upepo.

Nimekwenda kwa Verna, sikusema kitu. Mimi kukaa kimya! Wakaniuliza kama naumwa.

Alphonse, mdomo wazi kama lango la ghala, akaanza kumsifu kipa wa Winnipeg. Akasema na kile kinyago chake kipya, yule dubu aliyevaa miwani, anachekesha kweli.

Nikamuuliza, dubu gani?

Dubu wa kwenye kinyago.

Nikasema redioni hawakutaja dubu.

Verna akamimina kahawa kwenye kikombe kilichojaa. Elmer akatazama dirishani, mahali pasipo na kitu. Alphonse akasema ah, nilisoma. Nikamwambia Alphonse Gaudet, wewe mara ya mwisho kusoma ilikuwa lebo ya dawa ya ng'ombe, na ulisoma kinyume.

Hakuna aliyecheka.

Nikampigia Darlene huko Regina. Nikamuuliza tu, kama mtu anayeuliza hali ya barabara: hiyo mechi ya intaneti na redio, ipi inatangulia? Akasema, redio, Baba. Ya intaneti huchelewa nusu dakika, hata zaidi. Halafu akanyamaza. Binti yangu nikimsikia kanyamaza namjua kama ninavyojua barafu iliyopasuka chini.

Nikasema, Darlene, nani kamfungia Elmer hiyo intaneti?

Akasema Baba, usikasirike.

Jumamosi, 13 Februari

Baridi 20. Anga safi.

Nimekwenda. Kipindi cha pili, sikugonga mlango. Miaka sitini na moja sijawahi kugonga mlango wa Elmer Froese na leo nisingeanza.

Walikuwepo wote. Wote! Alphonse kwenye sofa, viatu kavua. Verna kashika sahani ya perohi, vile vidonge vya unga vyenye viazi ndani, na krimu yake, na vitunguu. Televisheni kubwa, uwanja mzima mweupe unang'aa. Elmer amekaa pua kwenye kioo, kajipinda ubavu, kama kuku anayetazama punje. Juu ya friji, redio ya Olena. Imefunikwa kitambaa cha vyombo. Imezimwa.

Alphonse akasema, Yesu wangu.

Nikasema, endeleeni, msijisumbue, mimi napita tu, nahesabu paka wa kunywea vikombe.

Elmer akainuka. Akasema, Metro, nilitaka kukwambia.

Nikasema, tangu lini unalipa?

Akasema, tangu Novemba.

Novemba! Januari nilipogonga kikombe yeye alikuwa na miezi miwili anatazama! Nikamwambia, uligonga kikombe, Elmer. Nilikuona.

Akasema: niligonga kwa sababu ulikuwa unanitazama.

Nikamwonyesha ile redio. Nikasema, na hii? Akaanza kusema kwamba ni redio nzuri, nzuri sana, lakini inatangulia. Hapo Alphonse akapasuka: inatangulia kama wewe! Tangu Januari sijaona bao hata moja bichi! Wewe unapiga yowe kule, sisi huku tunakaa tunalisubiri kama basi la Saskatoon!

Nikasema, na mimi mlishindwa kunialika?

Elmer akasema, wewe hualikiki, Metro. Mtu hawezi kukuuliza kitu. Wewe hutangaza. Ulishatangaza kwamba hakuna atakayelipa, nani angekuja kukwambia?

Na ukija, akasema Alphonse, utatusimulia barafu yako mwanzo mpaka mwisho.

Verna akasema nyamazeni nyote. Metro, kaa, kula, zitapoa.

Nikatazama viti. Cha nne kilikuwepo. Kimejaa makoti. Nilingoja. Nilihesabu, kwa tabia. Hakuna aliyenyanyua koti.

Nikachukua redio ya Olena pamoja na kitambaa chao. Nikafunga mlango polepole. Ningeupiga wangesema nimekasirika.

Jumapili, 14 Februari

Sikutazama kipimajoto.

Nimeirudisha redio mahali pake. Imekaa sawa kwenye duara.

Adui anakuumiza mara moja, rafiki kila ukikumbuka. Elmer nilimpa pasi ya bao la Humboldt, mwaka 66, mbele ya watu elfu moja na mia mbili. Mimi ningeweza kufunga. Kila mtu alijua ningeweza. Nikampa. Mazishi ya Olena alisimama kushoto kwangu, upande wake uleule wa winga. Darlene alimwita mjomba kabla hajajua kusema baba. Na mwaka mzima huu... Si mwaka. Miezi mitatu. Inaniwia kama mwaka.

Jumatatu, 15 Februari

Baridi 17.

Nimekwenda kwa Verna asubuhi kabla hawajafika. Nikatoa kikombe changu msumarini. Verna akauliza, unakipeleka wapi? Nikasema, kwa paka. Akasema, huna paka, Metro. Nikasema, nitatafuta.

Sasa nanywa kahawa nyumbani. Ni mbaya. Olena ndiye alikuwa anajua kipimo.

Darlene kapiga simu mara mbili. Sikupokea. Ya tatu nikapokea ili aisikie sauti yangu nikikata.

Jumamosi, 20 Februari

Baridi 26.

Nimeamua. Hawatapata yowe langu. Nauma taulo. Winnipeg kafunga matano leo, mawili ya namba kumi na saba, na mimi kimya kama jiwe. Taulo nzima mdomoni! Wangenisikia bure? Wakatafute lao.

Ukutani, kila sekunde ya 41, Alphonse na Verna: bao! Elmer sikumsikia.

Jumamosi, 6 Machi

Baridi 12. Taulo. Walifungwa.

Jumamosi, 20 Machi

Sifuri. Paa linadondosha matone. Taulo.

Elmer nilimkuta kwenye masanduku ya barua. Alisema habari za asubuhi kwa ile nguzo. Kisha akageuka akasema kwangu. Anajifanya hanioni! Na mimi nikajifanya simwoni. Nilijifanya vizuri zaidi.

Jumanne, 20 Aprili

Joto 6. Matope. Bata bukini wamerudi, wengi sana.

Verna kaja. Kaleta sufuria ya supu ya viazi vyekundu, kaiweka jikoni, kakaa bila kukaribishwa. Akauliza nikimaliza kununa kwangu nitarudi lini, maana msumari ule umekaa wazi na wageni wa barabarani wanaulizia. Nikasema, wape.

Akasema, Elmer macho yanaharibika, Metro.

Nikasema, macho gani.

Yake, akasema. Katikati hakuna kitu. Anaona pembeni tu. Daktari wa Yorkton kamwambia mpaka majira ya joto hata pembeni patakuwa ukungu. Ndiyo maana Novemba akamwomba Darlene amfungie intaneti, aone mechi zote, si ya Jumamosi tu. Redio anaweza kuisikiliza miaka ishirini ijayo, lakini kutazama ana miezi.

Kuku anayetazama punje. Gazeti ubavuni mwa uso. Nguzo.

Nikauliza, nani anajua? Akatazama supu. Wote. Alphonse, yeye, Darlene, hata yule mama wa posta. Nikasema, na mimi je? Miaka sitini na moja! Mama wa posta kahamia kijijini juzijuzi!

Verna akasema, Alphonse alipougua kibofu ulifanya nini? Ulitangaza mezani kabla kahawa haijapoa. Nikasema, nilimsaidia! Watu walimletea supu! Akasema, ndiyo, na mpaka leo hajakusamehe. Elmer aliogopa. Alisema Metro akijua, kijiji kizima kitanishika mkono kunivusha barabara.

Halafu akasema kitu kingine, akiwa mlangoni, anavaa buti. Kwamba tangu ninyamaze Elmer haoni mabao. Hawezi kufuata kile kisahani cheusi cha mchezo, kinapita katikati ya macho yake, kinapotea. Zamani alikuwa akinisikia mimi, anavuta kiti, anapinda shingo, anaweka ile pembe nzuri ya jicho lake golini, anangoja. Alphonse alilalamika. Elmer hakulalamika hata siku moja. Alikuwa anasema bao langu hilo linakuja.

Nikasema, si kuna marudio? Akasema Elmer hataki marudio, ni kama kahawa ya jana.

Akaenda. Supu sikuigusa mpaka saa kumi.

Jumatano, 21 Aprili

Joto 4.

Basi mimi nimekuwa kengele. Tufikirie hilo. Hakunialika, hakuniambia, aligonga kikombe akinitazama usoni — ubavuni, sawa — akaificha redio ya mke wangu chini ya kitambaa cha vyombo. Na muda wote huo alikuwa ananitumia kupitia ukuta! Mtu akimtumia farasi walau humpa nyasi.

Angesema. Neno moja. Metro, sioni. Ningenyamaza. Mimi naweza kunyamaza. Nimenyamaza miezi miwili na taulo!

Nimejaribu kutembea jikoni kwa kuziba katikati ya macho kwa vidole gumba. Nimegonga mlango wa friji.

Alhamisi, 22 Aprili

Darlene kapiga. Nimepokea. Sikukata. Hatukusema mengi. Akasema, Baba, alinisihi. Nikasema, mimi ndiye baba yako. Akasema, ndiyo, na yeye alinisihi. Akauliza kama nataka anifungie na mimi, nitazame mtoano wote. Nikasema, redio ni bora. Lakini sikulitangaza, nilisema tu.

Jumapili, 25 Aprili

Joto 9. Jua. Theluji imebaki nyuma ya jengo tu, nyeusi.

Mechi ya sita ya mtoano leo, saa tisa mchana. Winnipeg wakishinda wanasonga mbele. Wakifungwa kuna ya saba, ugenini. Kijiji kizima kimya, hata lori hakuna. Mimi, redio mbili. Ndiyo, na ya Olena nimeiwasha. Zinakwenda pamoja, sawasawa, hazipishani hata pumzi. Saa ya uwanjani mezani. Taulo.

Kwa Elmer wapo. Nimesikia buti za Alphonse, nimesikia sahani. Nimemsikia Alphonse anasema hoki imekufa bwana, angalia, mechi ya sita na viti vitupu vile kule juu. Elmer akasema, mimi vitupu sivioni, kwangu pamejaa. Wakacheka. Mimi pia kidogo, ndani ya taulo.

Kipindi cha tatu kimekwisha, 2 kwa 2. Mabao mawili ya Winnipeg, yote nimeyauma. Mara zote mbili Alphonse na Verna walipiga yowe, halafu Elmer akauliza: nani? Nani kafunga? Upande gani? Kama mtu aliyeamshwa.

Muda wa nyongeza sasa. Bao moja, basi. Atakayefunga kamaliza. Naandika ili mikono iwe na kazi.

Dakika ya nne. Wamegonga mwamba. Mungu wangu.

Dakika ya sita. Wamepunguza sauti yao kule. Kwa nini wamepunguza sauti? Kitu kimegonga ukuta mara moja, chini, pale kilipo kiti cha Elmer. Kiwiko labda. Labda si kiwiko.

Hakuna wa kunigongea ukuta. Mwenye neno na mimi apite mlangoni, hata bila kugonga.

Dakika ya saba. Barafu imechoka, mtangazaji anasema kisahani kinarukaruka. Kwangu kisingeruka. Ningeimwagia maji ya moto kabla ya nyongeza, tabaka mbili nyembamba, na

BAO

Winnipeg. Namba kumi na saba, pasi kutoka katikati, winga ya kushoto, kama letu la Humboldt! Nimebonyeza saa. Taulo mdomoni. Sijapiga.

6. Mtaa mzima hakuna anayejua ila mimi.

11. Ukutani kimya. Wanangoja. Kiti hakijakwaruza.

15. Aligonga kikombe. Novemba. Makoti juu ya kiti. Hata mama wa posta.

19. Pembe yake nzuri anaweka upande gani sasa? Atakuwa anatazama lango lisilo lenyewe, mjinga yule, ni kushoto, kushoto kwake mwenyewe

23. Kiti kimya.

26. Taulo liko mezani. Limeloa. Nimegeukia ukuta, nimevuta pumzi.